Mstari Mmoja Tu

"Mgeni kabeba barafu. Mlango wa nne. Akipanda ndege, tumekwisha."

Simu ikakatika. Kijiti alikuwa ameshaanza kukimbia.

Jasusi huyu walimpa jina hilo kwa wembamba wake, ingawa waliowahi kuonja ngumi zake hawakulicheka. Bastola yake ya Beretta ilimgonga ubavuni. Simu ya pili, ile ya nyumbani, ilikuwa imezimwa, maana ndiyo kanuni ya kazi. Mdogo wake wa kike alikuwa na siku ya nne wodini, anaungua kwa homa. Walimpima kwa kipimo cha haraka mara tatu, na mara zote ulitokea mstari mmoja tu: hana malaria. Kijiti mwenyewe ndiye aliyewaambia, "Basi tafuteni ugonjwa mwingine."

Ghala la mizigo la uwanja wa ndege. Maboksi mia mbili, yote ya kahawia.

Akainua saa yake iliyopima kwa mbali joto la ndani ya maboksi. Thelathini. Thelathini. Ishirini na tisa.

Hasi sabini.

"Liweke chini, mzee."

Mfanyabiashara akageuka, boksi kifuani. Ndiye aliyeiuzia nchi nzima vipimo vya malaria.

"Damu tu hii, kijana."

"Damu yenye vimelea vya malaria vilivyopoteza jeni ile inayovifichua. Kipimo chako hakivioni."

"Kwani mimi ndiye niliyevituma vibadilike?" Akacheka. "Nina vipimo milioni bandarini. Ushahidi huu ukipotea, vyote vinauzika."

Mkono wake ukazama kotini. Teke moja la Kijiti likairusha bastola hadi ukutani. Pingu zikafuata.

"Mzigo tunao," Kijiti alisema redioni.

"Safi. Tusomee lebo."

Akafungua. Moshi wa barafu kavu ukapanda. Aliambiwa vimelea hivi viko mpakani, mbali kabisa. Lebo ya kichupa cha kwanza ilikuwa ya mpakani kweli. Ya pili pia. Ya tatu ilikuwa na jina la hospitali alikolazwa mdogo wake.

Akawasha ile simu ya nyumbani, akapiga wodini.

"Sista, achaneni na vile vipimo! Mpimeni kwa hadubini!"

Muuguzi aliitambua sauti yake.

"Kaka, tulikutafuta sana. Yule wa maabara alichoka kubishana nasi juu ya vile vipimo, akaiweka damu kwenye hadubini. Vimelea vilikuwa vimejaa tele."

"Mpeni dawa basi!"

"Tulimpa saa tano. Hakufika saa sita. Pole sana, kaka."

Kijiti alitazama vile vichupa. Maneno yake mwenyewe ndiyo yaliyomuuma kuliko yote.

Redio ikakoroma. "Kijiti! Umeokoa maelfu ya watu leo."

"Nimesikia."

Akalifunga boksi, akalikabidhi kwa askari, akasaini. Kisha akatoka juani kwa mwendo wake uleule, mikono mfukoni, bila kugeuka nyuma.

"Umemwona yule?" mlinzi wa mlangoni alimnong'oneza mwenzake. "Katoka kupambana na mtu mwenye bastola, hata hajashtuka."