Soda ya Twiga wa Tatu

“Usigeuke bado, mpenzi!”

Nikasikia chupa ikifunguliwa, pssss. Nikageuka. Mchumba wangu alikuwa anammwagia soda twiga wa pili!

Mimi ni mwongoza wageni kwenye njia hii ya jangwani, mwendo wa nusu saa mpaka kwenye mwamba wenye michoro ya kale. Kuna twiga watatu pale, waliochorwa na watu wa maelfu ya miaka iliyopita. Wa tatu hana kichwa tena. Mwaka jana mshenzi mmoja alimmwagia soda, rangi ikabanduka, sisimizi wakajaa. Nililia kama nimefiwa. Jioni yake huyu huyu mchumba wangu akaja nyumbani, akanifuta machozi.

“Pole, mama. Watu wengine hawana hata haya,” akaniambia.

Leo chupa anayo mkononi.

“Unafanya nini wewe?”

“Tulia basi. Rangi ikilowa inaamka. Maji yanakauka haraka, soda ndiyo yenyewe. Dakika mbili inang'aa, tunapiga picha.”

Akapiga goti, akatoa pete yenye jiwe la kijani. Soda ilikuwa inamchirizika vidoleni.

“Umejuaje kama ni dakika mbili?”

“Najua tu.”

“Si uliniambia hujawahi kufika huku?”

“Sijawahi! Haki ya Mungu!”

Lakini macho yakamponyoka, yakaenda kwa twiga wa tatu. Nikampigia wifi yangu, dada yake.

“Wifi, kaka yako alishawahi kuja huku kwenye michoro?”

“Si alikuja na yule msichana wa saluni, akamvisha pete? Wiki mbili tu dada wa watu akamrudishia. Mwaka jana hiyo. Kwani ninyi mlikuwa mmeshaanza?”

“Tulikuwa na mwaka mzima, wifi.”

“Mungu wangu! Ngoja nikutumie picha.”

Ikaingia. Twiga wa tatu, kichwa bado anacho, analowa chapachapa. Mbele yake mwanamke ananyoosha kidole. Jiwe la kijani.

Pete ileile! Alikuwa ameifuta tu akaniletea.

“Shetani alinipitia, mpenzi. Ninayempenda ni wewe.”

“Usinishike! Mikono inanata.”

“Yaani unaniacha kwa sababu ya mchoro?”

“Ulinifuta machozi kwa mikono hiyo hiyo. Ukanipa na pole! Ptuu! Nikikuangalia nataka kutapika.”

“Nisamehe basi. Watu wameshaalikwa kwenye sherehe ya pete, mama yangu ameshashona nguo...”

“Ataivalia mahakamani.”

Nikampigia bosi wangu getini.

“Mkuu, yule wa soda ya mwaka jana nimempata.”

“Acha utani! Yuko wapi?”

“Niko naye hapa kwenye mwamba. Na leo kamwagia wa pili.”

“Nakuja na askari. Mshikilie, asije akakimbia!”

Nikamtazama. Pete mkononi, sisimizi wameshaanza kumpanda.

“Hakimbii, mkuu. Amepiga goti.”