Kitambaa Kilichopungua Rebero

Wewe unayekunja mdomo hapo, kunjua. Mtu akiruka angani kwenye sinema, kamba iliyomning'iniza imefutwa na kompyuta, unapiga makofi. Hili la Umutoni ndilo unaliita uongo? Nyamaza usikie.

Umutoni alikuwa fundi wa kufuta. Katika nyumba ya kupanga pale Rebero, aliondoa kamba, vivuli na vichwa vya wapita njia kwenye filamu za Cassien, na kuweka moto palipokuwa na ukuta. Cassien mwenyewe alianza enzi za kuvuta kiti kwa uzi na kuchoma majani mabichi ili moshi uwe mzimu.

"Siku hizi mzimu iko ndani ya mashine, sha," alipenda kusema, akicheka meno yote nje.

Mchana huo mwigizaji hakuja. Umutoni akasimama badala yake mbele ya kitambaa kipya cha kijani kilichofunika ukuta mzima, akatembea hatua tano kuifuata kamera, basi. Kisha akaketi kwenye kompyuta kuifuta ile rangi ya kijani, ili nyuma yake aweke nyumba inayoungua.

Rangi yote ilifutika, isipokuwa kipande kimoja kirefu, cha kutosha kumfunika mtu aliyelala. Chumba kikaanza kunuka kafuri, ile wanayotiwa maiti.

"Cassien, umenyunyiza nini humu?"

"Labda ni zile soksi zako."

Kwenye kioo cha kompyuta, Umutoni wa picha alitembea hatua tano. Akaongeza ya sita.

Umutoni akazima kompyuta. Kioo hakikuzimika. Akauendea mlango; kitasa kikazunguka bure mkononi mwake.

Cassien, sasa bila kicheko, akampigia simu Usumani, fundi cherehani wa Nyamirambo aliyekishona kile kitambaa. Mzee alifika kwa pikipiki, na kwa mkono wake mlango ulifunguka kama kawaida. Alipoiona picha, kofia ilimdondoka.

"Kitambaa kilipungua," alinong'ona. "Nikamalizia na kile cha zamani cha kufunikia jeneza, nilichopewa nikakizike. Mwanangu, nisamehe."

"Kuna nini ndani yake?"

"Mwenye kufuata majeneza. Hana sura, anatafuta. Kaa hapo hapo, nikifumue kabla hajakufikia."

Akapanda kwenye kiti na wembe wake, akaanza kukata nyuzi, moja baada ya moja, na kila uzi ulipokatika yule wa kwenye kioo akasogea hatua, uso ukajaa kioo, kisha macho yakajaa, kafuri ikamkaba Umutoni kooni hata akashindwa kusema fanya haraka, mzee wangu, akafumba macho, na alipofumbua akawaona wote kutoka mbali, kutoka juu ukutani, Cassien akiuma kucha, Usumani akikata uzi wa mwisho karibu kabisa na uso wake, na kwenye kiti cha Umutoni mwenyewe mwanamke aliyevaa blauzi yake.

Akapiga kelele. Kitambaa kikatikisika kidogo, kama kwa upepo.

"Tayari!" Usumani akahema. Akakikunja mara mbili, mara nne, akakibana kwapani. "Nakwenda kukizika sasa hivi. Umutoni, uko salama?"

"Niko salama, baba. Mungu akulipe."

Kioo kilikuwa kimezimika. Yule mwanamke akachukua mkoba, akampisha mzee na furushi lake, akatoka nyuma yake na kuufunga mlango.