Kikohozi Bwawani

Kilichomshtua Léocadie kwanza ni adabu ya wale tumbili. Walikuwa tisa ndani ya bwawa la maji ya moto, mvuke ukiwafunika hadi mabegani, na binti yake Chloé alipofika ukingoni walisogea wote kwa pamoja, wakaacha nafasi inayomtosha mtoto mmoja.

Nyumba hiyo ya wageni ilijengwa kwa mtindo wa Kijapani, mbao tupu na milango ya karatasi, pembeni mwa mji wa Midrand, Afrika Kusini, pale kijito kinapopita nyuma ya maghala. Mwenye nyumba, bibi wa Kijapani, alisafirisha hata mawe ya bwawa kutoka mlima wa kwao, na tumbili wa kijitoni wakazoea kuoga humo kila majira ya baridi. Léocadie, fundi cherehani wa Bukavu aliyepanga chumba mtaa wa Berea, Johannesburg, ndiye aliyeshona majoho ya wageni, yale ya Kijapani ya kukunjwa mbele, na kwa kazi hiyo nzuri alikaribishwa kukaa siku mbili pamoja na bintiye. Chloé alikuwa na miaka minane na kifua kibovu. Kikohozi chake kilikuwa kikavu, mara tatu, kisha mluzi. Mama yake angekitambua hata katikati ya soko. Walikuja kwa ajili ya kifua hicho tu.

"Vua joho uingie."

"Sitaki. Wananiangalia," Chloé akajibu kwa Kiingereza. Alizaliwa Johannesburg, Kiswahili cha mama yake alikielewa na kukikataa.

"Tumbili na wewe, nani yuko uchi zaidi? Haya, ingia nalo."

Akaingia. Kwa robo saa hakukohoa hata mara moja, na Léocadie akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Ndipo akaja Yasini, Mrundi aliyetunza bwawa, na taulo mikononi. Alimtazama mtoto, akasimama.

"Mama Chloé," akasema kwa sauti ya chini, "nani amemfunga joho hivyo? Upande wa kulia juu ya wa kushoto?"

"Mimi. Nguo ya kike hufungwa hivyo, kaka Yasini, blauzi zote. Nimeshonea kamba kwa ndani ili mgeni asikosee. Na mshono wangu, hata uvute kwa gari, haufumuki."

"Majoho ya wanawake yote?"

"Yote."

Yasini akaziweka taulo chini polepole. "Kwa Wajapani, kulia juu ni vazi la maiti. Bibi aliniambia kabla hajasafiri kwenda kwao: mawe haya yana mwenyewe, pepo aliyekuja nayo, na hamgusi mtu ila anayeletwa kwake akiwa amevikwa hivyo." Akawanyooshea tumbili kidole. "Mwezi wa tano tumbili walikuwa sita. Kisha wakaja wageni watatu wa kike. Wakavaa majoho yako."

"Wakafa?"

"Hapana, dada. Waliondoka wakitabasamu. Mtoe. Mvue kabla joho halijakauka, likimkaukia mwilini mwenye mawe ameshamchukua. Nakimbilia kisu."

Léocadie akajitosa na nguo zake, akamkokota bintiye hadi kwenye mawe, na mwili wa mtoto, uliotoka katika maji ya moto, ulikuwa baridi kama bati la asubuhi, ukinuka manyoya na moshi wa ubani. Akaishika kamba ya ndani, fundo limevimba kwa maji, akaivuta, mshono haukuachia, akakumbuka mkasi wake uko mezani Berea, akalivuta joho kupitia kichwani likakaza makwapani, akainama akauma uzi kwa meno, uzi ule ule alioupitisha mara mbili kwa kujivunia kazi yake, huku upepo mkavu wa Julai, upepo unaokausha shuka kabla hujaanika ya pili, ukilipitia pindo, kisha mikono, kisha kola, na tumbili wote wakitazama bila kupepesa macho, mpaka kitambaa kikawa chepesi na kikavu mdomoni mwake, chenye ladha ya chumvi, kwa maana ufizi ulikuwa unavuja damu.

Kiganja kidogo kikatua kichwani pake.

"Pumzika, Mama," mtoto akasema kwa Kiswahili, Kiswahili cha Bukavu kabisa, kile alichoombwa miaka yote. "Umeshona vizuri."

Pumzi yake haikuwa na mluzi.

Yasini alirudi na kisu, akaona, akakificha nyuma ya mgongo. Hakumtazama mtoto, alitazama bwawa. Ile nafasi ilikuwa imejaa. Kitumbili kidogo, kimelowa hadi masikioni, kilikuwa kimeng'ang'ania jiwe na kumkodolea macho Léocadie, kikafungua kinywa na kukohoa. Kikavu, mara tatu. Kisha mluzi.

Léocadie akanyoosha mkono kuelekea majini. Mtoto akaushika, akaurudisha.

"Mwache, atazoea," akasema. "Twende nyumbani, Mama. Nina njaa."