Chungu cha Midomo Miwili

Ko! Kimya kidogo. Ko! Ndani ya jiko lenye giza, kata ziligonga chungu kwa kupokezana. Inspekta Ofumbi, aliyekuwa amesimama uani, akatega sikio.

"Nani yuko jikoni, mama?"

"Mapacha wangu. Wanakunywa maji," Leonida akajibu.

Alfajiri ile, mwaka wa pili wa uhuru, chungu cha midomo miwili kiliibwa karibu na Merikit. Kilifukuliwa katika mfereji wa maji wa mji wa kale wenye ngome. Okware, mlinzi wa uchimbaji na mume wa Leonida, alikuwa rumande Tororo. Bwana Osborn, mkuu wa uchimbaji, alitaka ashtakiwe kesho yake.

Lakini mahali pa chungu mwizi aliacha viazi vitamu viwili, vimelingana.

"Chakula cha mlinzi," Osborn alicheka.

Ofumbi hakucheka. Wenyeji hutumia chungu cha namna ile kwa sherehe za mapacha, na cha mapacha hakiguswi mikono mitupu: hutolewa kitu, tena viwili sawasawa. Kati ya nyumba za wafanyakazi, moja tu ilikuwa na mapacha.

"Jana ulikwenda mferejini?"

"Nilimpelekea mume wangu chakula."

"Ukamkuta?"

"Huko hakosekani, afande. Hapa ndipo hapatikani."

"Alikuwa na nani?"

"Na Acen, yule binti mwosha vigae vya vyungu. Wanacheka, wanakipangusa chungu. Kwa leso yangu! Leso niliyobatizia watoto! Hawa pua zao hajazipangusa hata siku moja."

"Ukakichukua."

"Sijasema hivyo."

Ko!

Ofumbi akainama, akaingia jikoni. Watoto wawili walikuwa wamechuchumaa, kila mmoja na mdomo wake wa chungu.

Leonida akakaa chini. "Nilitaka wamfukuze kazi, arudi nyumbani. Kufungwa sikutaka, haki ya Mungu."

"Na viazi?"

"Mimi mama wa mapacha, ningekichukua bure?"

Kituoni Okware alitolewa rumande, mkewe na watoto wakaketishwa kwenye benchi.

"Si ungeniambia, Leonida?"

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa na wageni."

Osborn alikizungusha chungu. Hakikuwa na ufa. Akamtazama Leonida, akakumbuka alivyovicheka viazi, akaona haya.

Okware akaivua ile leso shingoni, akawapangusa watoto pua, huyu kisha huyu. Ofumbi akashika kalamu, hakuandika shtaka.

"Baba, twende nyumbani na mama," mtoto mmoja akasema.