Maji Yanayoingia Kijitoni kwa Mama Miche

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Mama Miche alikuwa ameshafika kijitoni na ndoo zake mbili. Nyuma ya nyumba alikuwa na kitalu: mipapai, mipera na michungwa, yote ndani ya vifuko vyeusi. Mumewe alikuwa fundi wa magari. Mtaa mzima ulimwita Baba Spana.

"Miche hiyo unaipenda kuliko mimi," alimtania mkewe.

"Miche haikoromi," Mama Miche alijibu.

Msimu ule miche ilianza kufa. Majani yaligeuka njano, kisha yakajikunja. Maji ya kijito yalikuwa na utando unaong'aa na harufu nzito. Mama Miche hakuuliza mtu. Ng'ambo ya kilima kulikuwa na mtengeneza ngozi, na mtengeneza ngozi huyo alikuwa mkwe wake. Kijana wake ndiye aliyemwoa binti wa Mama Miche.

Akampigia simu. "Mkwe, dawa zako za ngozi zimeniulia miche. Kuanzia leo tusijuane!"

"Haki ya Mungu, mkwe, mimi sija..."

Simu ikakatwa. Miezi miwili ikapita bila salamu. Binti alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia. Siku moja alikuja kwa mama yake, akakaa jikoni, akalia.

"Mama, mtoto huyu atapokelewa na nani? Wewe ukija, baba mkwe haji. Yeye akija, wewe huji."

Maneno hayo yalimchoma Mama Miche. Jioni hiyohiyo alibisha hodi kwa jirani, dada mmoja mpimaji wa idara ya maji, ili ajue maji ya kijito hasa yanatoka wapi. Kesho yake dada huyo alikuja na kompyuta, akaiweka mezani, akafungua ramani ya kilima. Baba Spana naye akasogeza kiti.

"Ramani hii umeinunua?" Mama Miche aliuliza.

"Hapana, mama. Setilaiti zilipima ardhi, wapi iko juu na wapi iko chini. Vipimo vyake vimewekwa wazi mtandaoni. Mtu yeyote anavichukua bure, hata wewe."

"Mimi na kompyuta! Labda niimwagilie maji."

Wakacheka. Mpimaji akaonyesha mistari ya buluu. "Kompyuta inatazama kila kipande cha ardhi. Inauliza, tone likianguka hapa, litateremkia wapi? Matone yakikutana kwa wingi, inachora kijito. Sasa fikiria paa lako. Mvua ya upande huu inaingia pipa hili. Ya upande ule inaingia pipa lile. Kilima chetu ni kama paa. Eneo lote linaloleta maji kwenye kijito kimoja, tunaliita bonde la kijito hicho."

"Na mkwe wangu yuko upande gani?"

Mpimaji akagusa kioo. "Hapa. Maji yake yote yanateremka upande wa pili, kwenye mto mwingine kabisa. Hayawezi kupanda kilima yakufikie."

Mama Miche aliikumbuka simu ile. Masikio yalimwaka moto.

"Ila kuna kitu sikielewi," mpimaji aliendelea. "Mtaro huu wa barabara ya juu umeishia barabarani. Kompyuta inaiona barabara kama ukuta. Ramani hukosea mahali kama hapa. Je, kuna kalavati chini yake?"

"Lipo!" Baba Spana alidakia kwa furaha. "Liko nyuma ya gereji yangu kabisa. Maji yanapita chini ya barabara, yanatokea huku..."

Akasita. Kidole chake kilikuwa juu ya kijito cha mkewe.

"Oili chafu huwa unaimwaga wapi?" Mama Miche aliuliza taratibu.

"Mtaroni," alisema, macho chini. "Nilidhani inaishia palepale."

Walitoka wote watatu wakaufuata mtaro kwa miguu. Kwenye mdomo wa kalavati, mawe yalikuwa meusi tititi kwa oili. Baba Spana alichuchumaa, akagusa jiwe, akatazama kidole chake. "Nisamehe, mke wangu," alisema. "Miezi yote hii nakuona ukilia, kumbe ni mimi."

Mama Miche alimshika bega. "Hukujua. Mimi ndiye niliyejifanya najua."

Toka siku hiyo Baba Spana alikusanya oili kwenye madumu, na gari la kuchukua taka za mafuta likaja kuyabeba. Yeye na mafundi wake wakazoa tope la mtaroni. Mpimaji akaliongeza kalavati kwenye ramani ya wazi, ili mwingine atakayeitazama asipotee.

Mama Miche akavuka kilima kwa miguu. Mkwe wake alikuwa akisugua ngozi.

"Mkwe, nimekuja kuomba radhi. Oili ilitoka kwetu. Nilikuhukumu kabla ya kutazama."

Mzee alifuta mikono polepole. "Ungeniuliza tu, mkwe. Ningekuja tukatazame pamoja."

"Najua. Ndiyo maana sikupiga simu. Nimekuja mwenyewe."

Mzee akamvutia kiti.

Mvua za msimu uliofuata ziliusafisha utando. Miche mipya ikashika, majani mabichi. Na hata kabla ya mvua hizo, binti alipojifungua, Mama Miche na mkwe wake walikuwa kwenye benchi moja nje ya wodi, wakibishana mtoto amefanana na nani.