Mshale wa Dashibodi

"Ametoka Makongeni. Toyota nyeupe. Namba bandia." Sauti ya mkuu wake ilikwaruza kwenye redio iliyofichwa ndani ya kofia ya Wanza.

"Toyota nyeupe, Jogoo Road? Mzee, si uniambie pia dereva ana pua."

"Wanza!"

"Nimekupata. Over."

Alivaa ovaroli ya mhudumu wa kituo cha petroli. Chini ya zipu, bastola ya Glock ilimlalia kifuani.

Mzigo ndani ya gari hilo ulikuwa Ndindi, dereva wa teksi, mtu pekee aliyeziona nyuso za waingizaji wa bunduki za magendo. Kabla ya adhuhuri alitakiwa kizimbani Makadara. Asubuhi hiyo walimteka, wakamfungia kwenye buti la teksi yake mwenyewe. Kizuizi cha polisi kingemmaliza. Mtekaji angefyatua kwanza, akimbie baadaye.

Lakini Wanza alizijua teksi za mtaani. Hunyweshwa mafuta kidogo kidogo, kama mgonjwa uji. Mwizi wa teksi hafiki mbali bila kusimama.

Basi akangoja.

Toyota nyeupe ya kwanza ikaja, ikaenda. Kwenye ya pili akasikia mtu akigonga ndani ya buti.

Ngo. Ngo.

Mkono ukaruka kwenye zipu. Lakini buti lilikuwa wazi, limejaa mikungu ya ndizi.

Masikio yake hayakuaminika tena. Wathome, mwenzake wa kazi, alikufa ndani ya buti huku Wanza amesimama karibu, akisubiri amri. Tangu hapo alisikia kugonga kila mahali. Kwenye friji. Kwenye kabati. Kwenye geti la jirani.

Wathome alipenda kumchosha kwa siri za vitu vidogo. Katundu chini ya kufuli? Ka kutolea maji ya mvua. Katundu kwenye kifuniko cha kalamu? Ka kumwachia pumzi mtoto akikimeza.

Buti lake halikuwa na tundu.

Toyota ya tatu ikaingia kwa kishindo. Kwenye usukani, jamaa wa tai ya zambarau.

Ngo. Ngo.

Ni kweli, au ni Wathome?

"Niaje, madam. Jaza, chap chap."

"Poa, boss." Wanza akavuta mpira wa pampu hadi dirishani kwa dereva. "Umenipa upande hauna mdomo wa tangi. Gari ni yako kweli?"

"Yangu. Miaka na mikaka."

"Mmeishi miaka na mikaka, na hujui inakulia wapi? Pole yake!"

Jamaa akacheka nusu. Mkono wake wa kulia ukateleza chini ya paja.

Sasa Wanza hakuhitaji masikio.

"Usijali, boss. Cheki dashibodi. Kando ya kapicha ka pampu kuna kamshale. Kanakuonyesha tangi liko upande gani. Watengenezaji waliwafikiria watu kama wewe."

"Wapi?"

"Hapo kwa geji. Kanaelekea wapi?"

"Kushoto." Akageuza shingo kushoto kuhakikisha.

Mdomo wa Glock ukambusu nyuma ya sikio la kulia.

"Umepita mtihani. Mikono juu ya usukani. Ukikohoa, nakupasua."

Matheka, ajenti aliyekuwa akijifanya kufuta vioo, akamvuta nje na kumtia pingu. Kitini, pale paja lilipokuwa, ilibaki bastola.

Wanza akazunguka nyuma. Kugonga kulikuwa kumenyamaza, na kimya hicho kilimtisha kuliko kelele yoyote. Akatia ufunguo, akauzungusha.

Buti likafunguka.

Macho mawili yakapepesa. Kifua kikapanda, kikashuka. Wanza akabandua utepe mdomoni.

"Mbona umekawia hivyo?" Ndindi alifoka. "Nimegonga mpaka visigino vimechubuka!"

"Nilidhani ni mtu mwingine."

"Nani mwingine anakaa kwa buti yangu?"

Wanza akamshika kwapani, akamketisha.

"Ripoti," kofia ilikwaruza.

"Shahidi yuko hai. Anatukana. Makadara wajiandae."

Akamwachia Matheka ampeleke mahakamani, akavua kofia, akashika Jogoo Road kwa miguu, taratibu, mikono mfukoni. Njia ilikuwa pana, lakini alipita ukingoni kabisa, akiacha kando yake nafasi ya mtu mmoja.