Kitambaa Chekundu cha Fungu la Mwisho

Kila alipotoka shule, Kidoti alipitia kiwandani kwa shangazi yake kusaidia kupanga rafu kabla ya kwenda nyumbani. Kiwanda chenyewe kilikuwa chumba kimoja kirefu, vyerehani vimepangwa kando ya ukuta, na redio iliyokoroma zaidi ya kuimba. Humo walishona mabegi ya shule. Mpaka leo, akiwa mtu mzima, akisikia cherehani kikiunguruma Kidoti huikumbuka harufu ya turubai jipya, na moyo wake hurudi kulekule.

Zipu zilitoka mji wa mbali kwa lori, na safari yake ilikula zaidi ya wiki. Kwa hiyo shangazi alikuwa na mtindo wake. Fungu la mwisho la zipu kwenye rafu lilifungwa kitambaa chekundu. Fundi Mzee, mkubwa wa mafundi wote, akilifikia tu alipaza sauti: "Mama, chekundu hiki!" Siku hiyohiyo shangazi aliagiza zipu nyingine.

Ikafika wiki ya michezo. Kidoti alikuwa nahodha wa timu nyekundu, na nahodha bila utepe ni nahodha gani? Alikifungua kile kitambaa, akakitia mfukoni. "Nitakirudisha kesho," alijiambia. Kesho ikawa kesho kutwa. Timu yake ikashinda, nacho kitambaa kikasahaulika ndani ya mkoba wake.

Alasiri moja alikuta vyerehani vyote kimya. Fundi Mzee alisimama mbele ya rafu tupu. Mabegi ya shule jirani yalitakiwa Jumatatu, na mwalimu mkuu alishasema akicheleweshewa hatarudi tena.

"Mzee wangu, hukukiona kitambaa?" shangazi aliuliza taratibu.

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Sikukiona, mama. Nadhani nimekipita tu. Macho haya yameniishia. Labda wakati wangu wa kukaa nyumbani umefika."

Mzee huyu ndiye aliyemfundisha Kidoti kutunga uzi kwenye sindano. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini alimwona akikusanya mikasi yake polepole, akashindwa kuvumilia. Alifungua mkoba.

"Shangazi, mimi ndiye niliyekichukua. Babu hana kosa."

Shangazi alimkazia macho mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze. Fundi Mzee alivaa miwani upesi.

"Kumbe hakikuwepo!" Akaangua kicheko, machozi yakimlengalenga. "Jamani, macho yangu mazima!"

Shangazi hakucheka. Alimshika Kidoti mkono, wakaenda kuazima zipu kwa mshona majaketi wa mtaa wa pili, mshindani wao wa siku zote. Kidoti mwenyewe ndiye aliyetakiwa kueleza, naye alieleza huku akitazama vidole vya miguu yake.

"Na mimi niliwahi kuishiwa vifungo, shangazi yako akaniokoa," mshona majaketi alisema. "Chukueni. Mzigo wenu ukifika mtanirudishia."

Zipu zake zilikuwa nyeusi, si za buluu kama zao, lakini Jumatatu mabegi yalitoka. Mwalimu mkuu alisema yamependeza kuliko ya mwaka uliopita.

Jioni ile shangazi alimkalisha Kidoti kwenye kigoda.

"Mwanangu, hapa kila mtu anamtegemea mwenzake, kuanzia dereva wa lori hadi wewe unayepanga rafu. Taarifa ndogo isipofika mapema, sote tunakaa bure. Na ukificha kosa lako, kuna mtu analibeba. Umechelewa kusema, lakini umesema. Haya, kifunge mwenyewe."

Kidoti alikizungusha kitambaa kwenye fungu la mwisho la zipu mpya. Fundi Mzee akaweka kidole penye fundo ili lisilegee.

"Kaza, mjukuu wangu," alisema. "Nataka nikione hata siku nikisahau miwani."